Sarpagandha: mzizi unaotuliza akili hadi kupitiliza

Wanaokuja dirishani kuniulizia dawa za kutuliza akili za Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huwa na utetezi tayari mdomoni: "Hii ni mitishamba tu, haina kemikali." Mimi ni mfamasia wa dawa za mimea, na huwajibu kwa kuwatajia sarpagandha.

Ni kichaka kifupi cha India. Kule jimbo la Bihar watu walikiita dawa ya vichaa kabla maabara yoyote haijakigusa. Mwaka 1931 madaktari Gananath Sen na Kartick Chandra Bose waliandika kwamba unga wa mzizi wake hushusha presha na kutuliza wagonjwa wa akili wenye fujo. Mwaka 1952 wataalamu wa kampuni ya Ciba, Uswisi, wakatenga kiini chake, reserpini, na 1954 daktari wa akili Nathan Kline akaripoti matokeo yake kwa wagonjwa huko New York. Viwanda vilifika hadi Kongo kuchimba mizizi ya nduguye, Rauvolfia vomitoria. (Wachaga nao wana ndugu wa ukoo huohuo: msesewe, ambao gome lake hutiwa kwenye mbege, pombe yao ya ndizi.)

Inavyofanya kazi ndiyo inayonivutia. Seli za neva huhifadhi serotonini, dopamini na noradrenalini, kemikali zinazozitumia kupelekeana ujumbe, ndani ya vifuko vidogo mno. Reserpini huziba njia ya kuingilia humo. Kinachobaki nje humeng'enywa, na akiba hukauka. Mtu anatulia kweli. Ila baadhi ya wagonjwa walipitiliza utulivu wakaangukia kwenye sonona. Mtafiti wa Uswidi, Arvid Carlsson, aliwapa sungura reserpini wakabaki wamejilaza, masikio yameanguka. Alipowachoma L-dopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakaamka. Utafiti wake kuhusu dopamini ulimpatia Nobeli mwaka 2000.

Sisemi Ayurveda ni hatari. Charaka Samhita, kitabu chake cha kale, yenyewe inataja tiba ya akili isiyo na mzizi wala unga, sattvavajaya: kuizuia akili isikimbilie yanayoidhuru. Asiyelala, mwenye mawazo ya kurukaruka, huhesabiwa kuwa vata, nguvu ya mwili inayofananishwa na upepo, imemzidi. Ataambiwa ale chakula cha moto chenye samli, akandwe kwa mafuta ya ufuta, alale saa ileile kila usiku. Vata siwezi kuipima kwa kifaa chochote, lakini ushauri huo ningempa hata mama yangu. Bahati mbaya hauuziki kwenye chupa, kwa hiyo hakuna anayeutangaza.

Basi soma lebo. Ukikuta sarpagandha, au Rauvolfia serpentina, na umewahi kuugua sonona, una vidonda vya tumbo, au unatumia dawa za presha au za akili, usianze kuinywa. Ilete na pakiti yake, pamoja na dawa zako zote za hospitali, tuzitazame. Na hizo za hospitali usiziache kwa sababu ya unga huo.