Ute wa Yai Hausubiri Mwaka

"Mpe kiini tu, ute asubiri mpaka afike mwaka." Kila siku ya kliniki hapa Mtwara nasikia hayo, na nimechoka kuona watoto wakinyimwa nusu ya yai kwa nia njema.

Anza mtoto akitimiza miezi 6, shingo imekaza na uji ameshauzoea. Chemsha yai dakika 12 tangu maji yatokote. Kiini cha majimaji hapana, kina hatari ya salmonela, bakteria wa kuharisha. Liponde lote, ulainishe kwa maziwa ya mama au uji wa mtama. Siku ya kwanza ncha ya kijiko cha chai, kisha robo ya kijiko, kisha nusu kijiko. Mpe asubuhi akiwa mzima, maana mzio (aleji) mwingi hujitokeza ndani ya saa 2. Siku hizo usimwanzishie korosho iliyosagwa: akivimba hutajua ni kipi.

Ni kweli, mzio hutokana hasa na protini za ute. Yai la kuku wa kienyeji nalo linazo zilezile. Kosa ni kudhani kuchelewesha kunakinga. Nyumba inayokaanga chipsi mayai ina chembe za yai kwenye mikono ya kaka zake, kwenye mkeka, kwenye khanga ya mama. Zikipenya kwenye ngozi iliyochubuka, mwili huzichukulia kama adui. Zikipita tumboni, huzizoea kama chakula. Kwa hiyo mwenye pumu ya ngozi, yaani ngozi kavu inayowasha na kuchubuka, ndiye hasa asiyepaswa kucheleweshwa, ila yeye aonwe kwanza na daktari. Na akishalizoea, apewe kila wiki, walau mara 2. Kuonjeshwa mara moja halafu kimya miezi mitatu hakumjengei kitu.

Wekundu wa kuzunguka mdomo hunitatiza hata mimi. Ukibaki palepale chakula kilipogusa, mara nyingi ni ngozi laini imewashwa tu, lakini kwa macho peke yake siwezi kuapa. Nasimamisha yai na kumwita mtoto aonwe. Vipele vya kuvimba vikisambaa mwilini, midomo ikivimba au akitapika mfululizo, hakuna cha kujiuliza: mpeleke kituoni. Akipumua kwa shida au akilegea, kimbia hospitali iliyo karibu, iwe Ligula, iwe Sokoine kule Lindi. Usimnyweshe mafuta wala maziwa njiani, atapaliwa.

Na mzio wa yai haumzuii mtoto kuchanjwa surua akifika miezi 9.