Shahada mkononi, makaratasi hakuna: Wavietnamu na Wanikaragua nchini Marekani

Baada ya mhadhara wa wazi huwa kuna mtu mmoja anayesubiri wenzake watoke ndipo alitoe lile alilokuja nalo. Mara ya mwisho alikuwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu. "Daktari," aliniuliza, "mbona Wavietnamu wameinuka kule Marekani na hawa Wanikaragua bado wanahangaika? Wote si walikimbia wakomunisti? Au ni ile bidii ya Waasia?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa kuwa mlinzi alikuwa anatikisa funguo. Hapa nitamjibu kwa urefu, maana swali lake ni zuri kuliko alivyodhani. Makundi haya mawili yanafanana kweli. Yote yalitoka katika nchi zilizotwaliwa na serikali za mrengo wa kushoto, na katika zote mbili kulikuwa na vita ambavyo Marekani yenyewe ilitia mkono. Kwa hiyo tukiona hali zao za kiuchumi zimetofautiana, tuna nafasi adimu ya kuuliza ni nini hasa kilichowatofautisha. Kuhusu bidii niseme mapema tu: mama wa Kinikaragua anayesafisha ofisi za Miami usiku na kuuza nacatamal (chakula cha unga wa mahindi na nyama) Jumapili hana la kufundishwa na mtu.

Tuanze na Wavietnamu. Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilianguka mikononi mwa wakomunisti tarehe 30 Aprili 1975. Tarehe 23 Mei, siku 23 baadaye, Rais Gerald Ford alikuwa ameshatia saini sheria ya kuwagharamia wakimbizi wa Indochina. Watu wapatao 130,000 waliingizwa katika kambi nne za kijeshi: Camp Pendleton kule California, Fort Chaffee Arkansas, Eglin Florida na Fort Indiantown Gap Pennsylvania. Waliandikishwa, wakapimwa afya, wakaanza kufundishwa Kiingereza, kisha wakatafutiwa wadhamini, mara nyingi makanisa. Serikali ililipa mashirika ya hiari dola 500 kwa kila mkimbizi aliyepangiwa makazi. Kufikia mwisho wa mwaka huo kambi zote zilikuwa zimefungwa, na kila aliyetoka alitoka na ruhusa ya kufanya kazi.

Serikali iliwatawanya nchi nzima kwa makusudi ili wasirundikane mahali pamoja na kulemea mji mmoja. Mpango ukagonga mwamba. Familia zilipangiwa Minnesota au Iowa, zikavumilia baridi moja au mbili, kisha zikafunga virago kuelekea California na Texas walikokuwa ndugu. Ndivyo ilivyozaliwa Little Saigon ya Westminster, kando ya barabara ya Bolsa, katika Kaunti ya Orange, California, iliyokuwa na mashamba ya matunda na mboga.

Wimbi la kwanza lilikuwa na maofisa, makarani na watu waliosoma. Waliofuata kuanzia 1978, wale wa mashua, walikuwa tofauti: wavuvi, wachuuzi, wakulima, Wavietnamu wenye asili ya China. Wengi walifika baada ya kukaa kambini Malaysia, Thailand au Hong Kong, hawana kitu. Lakini nao walipokelewa kama wakimbizi, na Sheria ya Wakimbizi ya 1980 ikawapa msaada wa fedha ambao mwanzoni ulidumu hadi miezi 36 (baadaye ulikatwa hatua kwa hatua hadi 8).

Sasa Wanikaragua. Dikteta Somoza alikimbia Julai 1979 na Wasandinista, waasi wa mrengo wa kushoto, wakaingia mji mkuu, Managua. Kwanza waliondoka matajiri, wenye akaunti na nyumba Miami tangu zamani. Wakafuata madaktari, wahasibu, wahandisi na wafanyabiashara wa kati. Mwishoni mwa miaka ya 1980, vita vya Contra, waasi waliowapinga Wasandinista, vikiwa vimeumaliza uchumi na vijana wakikamatwa kwenda jeshini, waliondoka wakulima na vibarua. Wengi walipita Honduras, Guatemala na Mexico, wakavuka mto kuingia Texas.

Hawa hawakuandaliwa kambi ya mapokezi. Kwa sheria ya Marekani, mkimbizi ni yule aliyekaguliwa na kukubaliwa akiwa bado nje. Anayejifikisha mwenyewe mpakani ni mwomba hifadhi, na mzigo wa kuthibitisha ni wake. Mwezi Desemba 1988 idara ya uhamiaji iliamua kwamba waombaji wasitoke kusini mwa Texas hadi kesi zao zisikilizwe, na familia zikalala vichakani karibu na Brownsville. Hakimu alipolitengua zuio hilo Januari 1989, mabasi yalielekea Miami. Jiji halikuwa na pa kuwaweka, likawafungulia uwanja wa besiboli wa Bobby Maduro. Watu walitandika chini ya majukwaa ya watazamaji.

Serikali ya Rais Reagan ilikuwa inawafadhili Contra, na ungetarajia iwapokee kwa mikono miwili waliowakimbia Wasandinista. Kati ya 1984 na 1990 ni kama robo tu ya maombi yao ya hifadhi yaliyokubaliwa. (Wasalvador, watu wa El Salvador waliokimbia serikali rafiki ya Washington, walipata chini ya asilimia 3, kwa hiyo hata robo hiyo ilikuwa upendeleo.) Mwaka 1987 Mwanasheria Mkuu Edwin Meese aliagiza wasirudishwe kwao na wapewe vibali vya kazi, lakini kibali cha muda si makazi. Waliyapata makazi ya kudumu baada ya Bunge kupitisha sheria iitwayo NACARA mnamo Novemba 1997, kwa waliokuwa nchini kabla ya tarehe 1 Desemba 1995. Hesabu mwenyewe: aliyefika 1980 akiwa na miaka 35 alifunguliwa mlango akiwa na 52.

Miaka hiyo 17 ilimfanyia nini mtu wa kawaida? Mchukue mhasibu wa Managua. Shahada anayo, ila haitambuliki hadi afanye mitihani upya. Mitihani inadai ada na Kiingereza, masomo yanadai muda, na mkopo wa masomo wa serikali hautolewi kwa mtu ambaye hadhi yake haijulikani. Anaingia jikoni mwa mgahawa, au kwenye kiwanda cha nguo, kwa mwezi mmoja tu, anajiambia. Mwenye kiwanda akipunja mshahara hashitaki, kwa sababu mahakamani ataulizwa makaratasi. Neno hilo Waswahili wa ughaibuni wanalijua vizuri.

Mwaka 1992 wanasosholojia Alejandro Portes na Rubén Rumbaut walianza kuwafuatilia zaidi ya watoto 5,000 wa wahamiaji katika shule za Miami na Fort Lauderdale kwa upande mmoja na San Diego kwa upande wa pili. Wanikaragua walikuwamo, Wavietnamu walikuwamo. Kwa wastani wazazi wa Kinikaragua walikuwa wamesoma zaidi. Hata hivyo kipato chao kilikuwa chini mno kwa watu wa elimu ile, na watoto wao walipata alama za chini kuliko watoto wa Kivietnamu, ambao wazazi wengi walikuwa na elimu ndogo. Katika miaka hiyo Wavietnamu nao walikuwa maskini. Sensa ya 1990 ilikuta kama robo yao wakiishi chini ya mstari wa umaskini. Kilichotofautiana ni mwelekeo. Mwaka 2019 kaya ya Kivietnamu ya katikati ilipata karibu dola 70,000, juu ya kaya ya Kimarekani kwa ujumla, ingawa kama theluthi mbili ya waliozaliwa Vietnam hawazungumzi Kiingereza vizuri.

Makaratasi hayaliwi, kwa hiyo lazima nieleze yanavyogeuka kuwa fedha. Mfano wangu ni kucha. Mwaka 1975, katika kambi ya wakimbizi karibu na Sacramento, mwigizaji Tippi Hedren aliona wanawake wa Kivietnamu wakizikodolea macho kucha zake. Akamleta fundi wake awafundishe wanawake 20 hivi. Leo mafundi kucha wengi mno wa California ni Wavietnamu. Hadithi hiyo husimuliwa kwa utamu, ila huachwa jambo moja: leseni. California inadai saa 400 za mafunzo na mtihani, ambao sasa hufanywa hata kwa Kivietnamu. Saa 400 ni miezi michache tu. Mtu mwenye hadhi halali anasoma, anapata leseni, anaajiriwa na shangazi, na baada ya miaka mitatu anakodi fremu yake. Anaweza kusaini mkataba wa pango kwa jina lake, kukata bima na kufungua akaunti ya biashara.

Mtaji je? Benki haikuwajua. Waliutoa kwenye hụi, ambao msomaji wa hapa ataufahamu mara moja: ni mchezo, upatu, chama cha Kenya, likelemba ya Kongo. Tofauti ni kwamba zamu hupatikana kwa mnada. Tuseme ni watu 20, kila mmoja dola 500 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza watatu wana shida ya fedha. Kila mmoja anaandika kwa siri ni kiasi gani yuko tayari kupoteza, na aliyeandika 50 anawashinda. Wenzake 19 wanamtolea 450 kila mmoja badala ya 500, anaondoka na 8,550, na tangu hapo atalipa 500 kamili hadi duru iishe. Anayesubiri hadi mwisho hupata zote bila kukatwa, na hiyo ndiyo faida yake. Ni benki kamili, haina fomu hata moja. Kijumbe akiingia mitini, nao wana neno lao, bể hụi, hụi umevunjika, na familia huacha kusalimiana.

Wanikaragua walikosa ushirika wa namna hiyo? Sidhani. Lakini hụi unahitaji uhakika kwamba mwenzako atakuwepo miezi 20 ijayo. Mtu anayeweza kupokea barua ya kufukuzwa nchini mwezi wa sita ni mwanachama wa hatari, hata awe mwaminifu namna gani.

Sitaki kumchorea mtu picha ya peponi. Wavuvi wa kamba wa Kivietnamu katika ghuba ya Galveston walitishwa waziwazi na Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, mashua zikachomwa, na ilibidi waende mahakamani mwaka 1981 kupata amri ya kuwazuia wale watu. Hata hapo angalia: walithubutu kushitaki. Saluni za kucha ni kemikali za siku nzima na ujira mdogo unaofichwa na bahshishi. Na ile dola 70,000 isomwe kwa uangalifu, maana ni ya kaya, si ya mtu. Nyumba yenye bibi, wazazi wawili na kijana mmoja, watatu wakifanya kazi, si sawa na nyumba ya mtu na mkewe. Tena wengi wanaishi California, ambako kodi ya nyumba inameza mishahara.

Ushahidi ninaouamini zaidi haupatikani kwa kuwapanga Wanikaragua upande huu na Wavietnamu ule. Upo Miami penyewe. Wakuba wanaongea Kihispania kilekile, wanaishi mitaa ileile, na tangu 1966 wana sheria yao inayowawezesha kupata kadi ya kijani, yaani makazi ya kudumu, muda mfupi baada ya kufika. Na miongoni mwa Wanikaragua, waliofaidika na NACARA walipata walau ardhi ya kusimamia, hasa kule Sweetwater, mji ulioitwa Managua Ndogo. Waliokuja baada ya maandamano ya 2018 dhidi ya serikali yao wameanza upya kama wale wa uwanja wa besiboli. Mwaka wa fedha 2022 Wanikaragua walikutwa mpakani zaidi ya mara 160,000. Kuanzia Januari 2023 wengine waliruhusiwa kuingia kwa ndege wakiwa na mdhamini, kwa miaka 2, na mwaka 2025 serikali ya Trump ikaufuta mpango huo. Februari 2023 wafungwa wa kisiasa 222 walipakiwa ndege kwenda Washington, na Nikaragua ikawavua uraia. Hao walipoteza makaratasi ya kwao, na ya Marekani yalikuwa ya muda tu.

Kutoka kwa watu wa namna hii, zaidi Marekani kuliko kwingineko, Nikaragua ilipokea mwaka 2024 zaidi ya dola bilioni 5, zaidi ya robo ya pato la taifa. Wavietnamu pia hutuma, tena mabilioni mengi zaidi, lakini kwa uchumi wa Vietnam hiyo ni asilimia chache tu. Dola inayokwenda kwa mama Managua haiwekezwi kwenye fremu Miami. Hilo nalo ni sehemu ya tofauti, na hakuna wa kumlaumu.

Mzee aliniuliza pia, mlinzi akiwa ameshazima taa za nyuma, kama haya yanatuhusu. Yanatuhusu. Wakongomani waliotoka Nyarugusu na kambi nyingine za kwetu walikwenda Marekani kwa sheria ileile ya 1980, na tangu 2016 wamekuwa kwa miaka kadhaa kundi kubwa kuliko yote katika mpango wa wakimbizi, hadi uliposimamishwa Januari 2025. Waliopita mlango huo walishuka ndege na ruhusa ya kazi, wakidaiwa tiketi kwa mkopo usio na riba. Jamaa zao waliojifikisha wenyewe ni waombaji hifadhi kama Wanikaragua: fomu ya kibali cha kazi hawakuruhusiwa kuijaza hadi siku 150 zipite tangu waombe, na kibali chenyewe hakikutoka kabla ya siku 180. Hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi 6, na mara nyingi aliyeilipa ni yule ndugu aliyetangulia, ambaye deni lake la tiketi lilikuwa bado halijaisha.