Wangari Maathai na hesabu ya miche iliyoshika

Msimu wa kupanda miti ukifika huku Nyanda za Juu Kusini, takwimu zinazosomwa mkutanoni ni za miche iliyogawiwa. Wangari Maathai alihesabu iliyoshika. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko hata Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa mwaka 2004.

Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, akasomea biolojia Marekani, na mwaka 1971 akapata shahada yake ya uzamivu (PhD) Nairobi. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti 7 Kamukunji, Nairobi. Ndiyo ikawa Green Belt Movement, vuguvugu lake la kupanda miti. Wanawake wa vijijini walikuwa wanalia kwamba kuni ziko mbali na vijito vinakauka. Wataalamu wa misitu hawakuamini kwamba mtu asiye na cheti anaweza kuotesha miti. Yeye akawaambia kina mama wasie mbegu kama wanavyosia mahindi na maharage yao. Wakaotesha hata kwenye vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu kuku wasifikie.

Malipo yalikuwa madogo mno, kama senti 4 za dola kwa mche, tena kwa ule uliopona tu. Hapo ndipo penye ufundi wake: anayelipwa kwa mche ulio hai atamwagilia, atazungushia miiba, na atafuatilia mbuzi ni wa nani. Miti ya vuguvugu hilo imepita milioni 50.

Sasa tuje kwetu. Mikaratusi ni mali, siibezi, lakini ipandwe mlimani, mbali na chemchemi, kwa sababu inanyonya maji mengi. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Kwenye eneo hilo rudisheni mivengi, miti ya asili ya kandokando ya maji, na mikuyu.

Mbegu ya mvengi haitunziki. Okota matunda yaliyoiva, toa nyama, osha, usie ndani ya siku chache. Ikikauka imekufa, na anayeiweka stoo kungoja viriba, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche, ataambulia patupu. Mchanganyiko wa udongo: ndoo 3 za udongo wa msituni, 2 za samadi iliyooza vizuri, 1 ya mchanga. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Mizizi ikitoboa kiriba, inua kiriba uikate, la sivyo inajikunja chini na mti utadumaa miaka ya mbele. Wiki chache kabla ya kupanda, punguza maji na kivuli ili mche ukomae.

Panda Desemba, mvua ikishalowesha ardhi vizuri. Anayepanda mwishoni mwa Machi anaupa mche wiki chache tu kabla ya kiangazi. Chana kiriba chote ukitoe. Kukitoboa chini hakutoshi.

Hesabu ya kwanza fanyeni Novemba inayofuata, baada ya mche kupita kiangazi, ng'ombe na moto wa Septemba. Mwenye kitalu alipwe kwa hesabu hiyo. Na msijazie mapengo kabla ya kuhesabu. Kwenye kila pengo andikeni kilichoua: shina lililoungua, ncha iliyoliwa, au mche uliokauka umesimama. Huo wa mwisho ung'oeni mtazame mizizi, maana mara nyingi utaikuta imezunguka ndani ya plastiki.