Ardhi ya chuo kikuu si ya naibu chansela kuuza

Nairobi hii, mabati yakizungushwa tu kwenye kiwanja cha chuo kikuu cha umma, watu husema: "Naibu chansela ameshauza." Maneno haya ni ya miaka mingi, na yanapotosha. Hana mamlaka hayo.

Mwenye usemi ni baraza la chuo; naibu chansela ni mtendaji. Mali ya umma ikiuzwa, sheria ya 2015 ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma inataka kamati, makadirio ya thamani, na kwa kawaida zabuni au mnada wa wazi. Unyakuzi umetokea, ndiyo, na unauma. Lakini Katiba, kifungu cha 40(6), hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria, hata mnunuzi awe na hati mkononi.

Mara nyingi hata hakiuzwi kitu. Chuo hupangisha nyumba na maduka, au hujenga. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kampuni yake ya biashara, UNES, tangu 1996. Kwa hiyo, kabla ya kulalamika, soma bango la ujenzi pale langoni: huonyesha mwenye mradi, msanifu na mkandarasi.