Oregano ya mapambo: kinachoiua ni maji, si baridi

Wengi wanaijua oregano kama kiungo cha jikoni tu. Lakini jenasi hiyohiyo ya Origanum ina mimea tunayoipanda kwenye bustani za mawe kwa ajili ya uzuri wake peke yake. Katika kazi yangu ya kutunza bustani za aina hiyo hapa Uingereza, sijaona mmea mdogo unaopendeza kuishinda pale inapojimwaga juu ya jiwe mwezi wa Agosti.

Maua yenyewe ni madogo. Kinachovuta macho ni brakti, yaani vijani vinavyolifunika ua, vilivyolaliana kama magamba ya samaki na kuning'inia mashada mashada. Aina iitwayo 'Kent Beauty' ni chotara wa Origanum rotundifolium, wa kaskazini-mashariki mwa Uturuki na Georgia, na Origanum scabrum, wa milima ya kusini mwa Ugiriki. Brakti zake huanza na kijani kibichi cha kupauka, kisha huiva polepole kuwa waridi. Ukiipanda kivulini itabaki kijani na kurefuka ovyo. Jua la kutwa ndilo linaloipa rangi. Mwenye kutafuta maua hasa apande Origanum amanum wa milima ya Nur, kusini mwa Uturuki, ambao maua yake ya waridi ni marefu na membamba.

Kwangu mimi, mwalimu wa yote ni Origanum dictamnus wa Krete, kisiwa cha Ugiriki. Kiasili haupatikani kwingine kokote duniani. Majani yake ya mviringo yamefunikwa na manyoya meupe, laini kuyashika. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba mbuzi mwitu wa kisiwa hicho, akichomwa mshale, huutafuta mmea huu na kuula ili mshale utoke. Watu waliuchuma kwenye magenge kwa kuhatarisha maisha. Siku hizi hulimwa, hasa maeneo ya kijiji cha Embaros kisiwani humo, na wa porini unalindwa.

Sasa angalia unakoota. Krete hupata mvua zake wakati wa baridi, kama sisi huku, na bado mmea unastawi. Sababu ni kwamba unaishi kwenye nyufa za kuta za mawe ya chokaa, ambako maji huteremka na kupita, hayatuami shinani hata kidogo. Hapo ndipo siri ilipo. Watu wengi huona mmea umekufa mwezi wa Februari wakailaumu baridi, kumbe shina lilishaoza kwa unyevu tangu Desemba.

Kwa hiyo inua tuta, sentimita 30 au zaidi, na uchanganye udongo na changarawe nusu kwa nusu. Usitie samadi. Udongo wenye rutuba huzaa matawi manene, laini mno, yasiyohimili majira. Panda ukingoni mwa jiwe, mahali pa juu, ili matawi yapate pa kuning'inia, kisha tandaza kokoto kuzunguka shina hadi chini ya majani, unene wake usipungue sentimita 3. Dictamnus mimi huufunika kwa kipande cha kioo kilichoinuliwa juu ya mawe, pande zote zikiwa wazi upepo upite. Manyoya yale yakilowa na kukaa hivyo kwa wiki kadhaa, huna mmea tena.

Matawi makavu msiyakate vuli ikifika, hata kama yanachafua macho. Huyakinga machipukizi ya chini. Ngojeni hadi majira ya kuchipua, muone kijani kipya shinani, ndipo mkate.

Kwa walioko nyanda za juu za nyumbani, kama Limuru au Lushoto, shida itakuwa masika, maana mvua ndefu huenda na ukungu. Ningepanda kwenye chungu cha udongo chenye tundu kubwa, nikakiweka upenuni panapopata jua na pasipofika matone. Pwani, na joto lake la unyevu, nisingeijaribu.

Chotara haumei sawasawa na mzazi kutoka kwenye mbegu, basi zidisha kwa vipandikizi. Mwezi wa Mei au Juni chukua machipukizi ya shinani yasiyo na maua, urefu wa kidole, ondoa majani ya chini, uyachomeke kwenye mchanga mkavukavu wa chengachenga. Yafiche jua kali, lakini usiyafunike kwa plastiki, hasa yale ya dictamnus.