Kitabu cha rejea huanzwa nyuma

Mwanafunzi wa ualimu akiingia maktaba kutafiti elimu, mara nyingi huchomoa ensaiklopidia rafuni na kuanza ukurasa wa 1. Saa mbili zikipita, daftari bado jeupe. Anzia nyuma, kwenye faharasa, yaani orodha ya maneno kwa alfabeti na kurasa zake. Ikiwa ni ya majuzuu mengi, faharasa kwa kawaida imo katika juzuu la mwisho.

Katika mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada, elimu ni 370: kamusi na ensaiklopidia zake 370.3, saikolojia ya elimu 370.15, elimu maalumu 371.9, msingi 372, sekondari 373. Ukiona R au REF mgongoni mwa kitabu, hakiazimwi, husomwa palepale.

Kinachowakwamisha wengi ni neno. Vitabu vingi ni vya Kiingereza, na neno la mtunzi wa faharasa huenda silo lako. Habari za watoto kuacha shule, kwa mfano, katika vitabu vya zamani ziko chini ya neno lenye maana ya "upotevu", kana kwamba ni mahindi yaliyomwagika njiani. Kwa hiyo andika kwanza maneno manne au matano ya karibu, kisha fuata kila "tazama pia".

Takwimu zina mtego wake. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza Uganda mwaka 1997, wanafunzi waliruka kutoka takriban milioni 3.1 mwaka 1996 hadi milioni 5.3. Anayenukuu jedwali la 1996 kwa kuwa kitabu kimechapishwa 1998 anapoteza watoto zaidi ya milioni 2. Mwaka wa takwimu husomwa kwenye jedwali lenyewe, si kwenye jalada. Na ukikuta uandikishaji wa asilimia 115, si kosa la chapa: uandikishaji wa jumla huhesabu kila aliye darasani, hata wa miaka 15, kisha hugawanywa kwa idadi ya watoto wa miaka 6 hadi 12 tu. Uandikishaji halisi huhesabu wa rika hilo peke yao.

Kwa sera ya elimu ya Uganda, mwulize mkutubi ripoti za Tume ya Castle (1963) na ya Kajubi (1989), pamoja na Waraka wa Serikali wa 1992.

Nukuu toleo, juzuu, mwaka na ukurasa kabla hujainuka. Kitabu kiache mezani: kikirudishwa rafu isiyo yake, hata mkutubi hakioni.