Mtetemo wa saini kwa mota ya hatua: maana na matumizi yake katika kupima sensa

Mtetemo wa saini (sine ya hisabati) ni mwendo wa kwenda na kurudi unaofuata kanuni x = A·sin(2πft). A ni umbali kutoka katikati hadi ncha, f ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Ukizijua hizo mbili, mchapuko (kiwango cha kubadilika kwa kasi) wa juu kabisa unao tayari: (2πf)²A. Milimita 2 kwa hezi 5 ni 1.97 m/s². Kwa hiyo ukifunga sensa ya mchapuko kwenye kigari cha reli kinachosogezwa hivyo na mota ya hatua (mota inayozunguka hatua moja kwa kila pigo la umeme), huhitaji sensa nyingine ya kulinganishia. Kaliper inatosha kuhakiki A.

Njia hii inafaa masafa ya chini, takribani hezi 0.5 hadi 10, ambako spika ya kutikisia sensa hushindwa kusogea vya kutosha. Ndiko ziliko kazi nyingi za sensa za majengo na matetemeko, jambo lenye maana kwa Dodoma iliyo kwenye ukanda wa Bonde la Ufa.

Chukua mota ya NEMA 17 (jina la saizi ya mota) yenye hatua 200 kwa mzunguko, draiva (saketi inayoiendesha mota) iliyowekwa 1/16, yaani kila hatua imegawanywa hatua ndogo 16, puli ya meno 20 na mkanda wa GT2, ambao meno yake yameachana milimita 2. Mzunguko mmoja ni milimita 40, hivyo unapata hatua ndogo 80 kwa milimita. Mtetemo wa mfano wetu unadai hatua ndogo 5,027 kwa sekunde unapopita katikati. Skrubu inayosogeza milimita 8 kwa mzunguko, badala ya mkanda, ingedai 25,133, na nati yake ikilegea wimbi hubapa kwenye ncha. Tena vumbi la kiangazi la Dodoma hunasa kwenye grisi yake. Mkanda ni bora.

Katika programu, usiamuru kasi, amuru mahali. Taima iikatize programu kila mikrosekunde 50, ikokotoe x, na ikiwa tofauti na mahali ilipo mota imefika hatua moja, itoe pigo moja. Usianze na A nzima: kanuni hiyo hudai kasi ya juu kabisa tangu sekunde sifuri, na mota ikiruka hatua, kitovu cha mtetemo huhama bila wewe kuambiwa. Ikuze A polepole kwa sekunde 2 hivi. Pawa saplai iwe ya volti 24. Kwa 12, mkondo huchelewa kujaa kwenye koili na nguvu hupungua kasi inapopanda.

Grafu ya sensa itakuwa na manyoya, kwa sababu kila hatua ni kigongo kidogo. Usisome vilele vyake, vitakudanganya kwa kuzidisha. Linganisha data nzima na wimbi la saini la f uliyoiamuru, kisha soma ukubwa wa wimbi hilo.

Kosa gumu kuligundua ni reli iliyopinda. Kigari kikiinama nyuzi 0.1 tu kinaposogea, mvutano wa dunia huingiza 0.017 m/s² kwa masafa yale yale ya mtetemo, kwa hiyo hakuna chujio litakaloiondoa. Kwa hezi 0.5 na milimita 2, mchapuko wenyewe ni 0.02 tu. Hapo nyoosha reli kwanza, halafu ongeza A hadi milimita 40.